Je, Jirani Asikiaye Kilio Ana Dhambi?

 

Ndugu wasomaji, katika darsa yetu ya baada ya Maghrib hapa Garissa tulikuwa tukisoma mlango wa haki za jirani. Tulipomaliza, mzee mmoja ambaye ada yake ni kukaa nyuma karibu na viatu aliinua mkono akauliza: "Sheikh, mtu akipigwa ndani ya nyumba yake, na jirani akasikia kilio, kisha akafunga dirisha akalala, je, jirani huyo ana dhambi, au dhambi ni ya mpigaji peke yake?" Nikamjibu upesi, kama tujibuvyo masuala tuliyoyahifadhi vitabuni. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema: "Mimi nilikuwa kijana mwaka 1980 ilipochomwa Bulla Kartasi. Waliotuchomea nimekwisha kuwashtaki kwa Mola wangu, na jambo lao nimelitua. Ninaouliza khabari zao ni wale waliosikia."

Jawabu langu la upesi halikumtosha mzee yule, na nilipofika nyumbani niliona kuwa halinitoshi hata mimi. Kwa hivyo nimeonelea kuliandika suala hili na kulipima mbele yenu, maana si suala la mzee mmoja wala la mji mmoja.

Kwanza tuyaeleze yaliyopita, ili vijana wetu wasidhani kuwa tunasema kwa mafumbo. Nchi hii yetu, tangu zama za Mwingereza, haikutawaliwa kama sehemu nyingine za Kenya. Iliitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na kwa sheria za mwaka 1926 na 1934 ilifungwa, mtu asiingie wala asitoke ila kwa kibali. Mwaka 1962 ilitumwa tume kuwauliza watu rai zao, ikaona kuwa walio wengi wapenda kuungana na Somalia. Lakini rai hiyo haikufuatwa. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na kabla mwezi ule haujamalizika mkoa wetu ulikuwa umekwisha kutiwa katika hali ya hatari. Vikaja vita vya shifta hata mwaka 1967. Watu wakakusanywa katika vijiji vya kulindwa, na wafugaji wengi wakabaki bila ya mifugo. Vita vikaisha, lakini sheria za hatari zikabaki mpaka mwanzo wa miaka ya 1990. Wenzetu wa sehemu nyingine walikuwa raia. Sisi tulikuwa watuhumiwa wenye vipande vya uraia.

Novemba 1980, baada ya watumishi wa Serikali kuuawa hapa Garissa, askari waliichoma Bulla Kartasi, na watu wakakusanywa katika uwanja wa shule ya msingi, wakawekwa siku kadhaa pasipo chakula wala maji. Februari 1984 zamu ikawa ya Wajir. Wanaume wa ukoo wa Degodia walikamatwa kuanzia tarehe 10, wakapelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla, wakavuliwa nguo na kulazwa juani. Wako waliokufa kwa kiu, wako waliopigwa hata kufa, na wako waliopigwa risasi walipojaribu kukimbia. Serikali ilitaja waliokufa kuwa 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka 2013, iliikataa hesabu hiyo; na walionusurika husema kuwa waliokufa ni maelfu.

Sasa, ni nani waliosikia? Hapa ndipo suala la mzee wetu linapouma.

Miezi saba tu baada ya Bulla Kartasi, Juni 1981, wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Nairobi, kiasi cha kilomita 370 kutoka majivu yale. Na katika mkutano huo huo walipitisha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Rais wa Kenya, Daniel arap Moi, akawa mwenyekiti wa Umoja huo. Mkataba ule ulisema maneno mazuri juu ya uhai wa mtu, heshima yake, na usawa wa watu wote. Walakini hapakusimama hata mkuu mmoja pale Nairobi akauliza khabari za Garissa. Mkataba ulianza kutumika mwaka 1986, na Kenya iliuridhia mwaka 1992. Watu wa Wagalla walikufa katika miaka iliyo baina ya kuandikwa kwa ahadi na kufungwa kwa ahadi.

Wala ule haukuwa mwanzo wa kunyamaza. Vita vya shifta vilimalizwa kwa mapatano ya Arusha, Oktoba 1967, chini ya usimamizi wa Rais Kaunda wa Zambia. Hilo lilikuwa jema, na kila anayezuia damu isimwagike ana haki ya kushukuriwa. Lakini waliopatana ni dola mbili, Kenya na Somalia. Watu waliouliwa na kunyang'anywa mifugo hawakuwa upande katika mapatano yale. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1970, Kenya ilitunga sheria ya kuwakinga watumishi wake wasishtakiwe kwa waliyoyatenda katika sehemu hizi tangu Desemba 1963 mpaka Desemba 1967. Wale majirani waliokuwa wamejishughulisha sana na amani ya mpaka hawakusema neno juu ya haki za waliokaa mpakani.

Kwa nini walinyamaza? Wao wenyewe walitoa hoja, na hoja hiyo imeandikwa katika hati ya Umoja wao ya mwaka 1963: kwamba dola isiingilie mambo ya ndani ya dola nyingine. Tusiidharau hoja hii bila ya kuitazama, maana ina asili. Nchi zetu zilikuwa zimetoka kutawaliwa na watu waliosingizia huruma ili waingie nyumbani mwetu. Ni haki kumwogopa mgeni ajaye na chozi jichoni na kamba mkononi. Na sisi wa Kaskazini twajua kuliko wengine: Somalia ilitutetea, lakini katika kututetea ilikuwa ikiidai ardhi tuliyoikalia, na dai lile likawa ndilo fimbo tuliyopigwa nayo. Kisha Serikali hiyo hiyo ya Siad Barre, iliyokuwa ikituita ndugu, mwaka 1988 iliipiga Hargeisa kwa ndege na mizinga na kuwaua raia wake yenyewe. Basi udugu wa damu peke yake si dhamana ya haki.

Lakini hoja yenye asili yaweza kutumiwa pasipo mahali pake. Mlango wa nyumba umewekwa ili kumzuia mwizi. Haukuwekwa ili mwenye nyumba apate kuua watoto wake faraghani. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, akiwapa siku 90, Umoja ulikaa kimya. Na mwaka 1975 ukaenda Kampala kufanya mkutano wake na kumweka Amin awe mwenyekiti. Tanzania, Zambia, Msumbiji na Botswana zilikataa kuhudhuria. Ni dola nne tu, na kukataa kwao hakukumfufua mtu. Lakini kulionyesha kuwa kunyamaza hakukuwa lazima. Aliyenyamaza alichagua kunyamaza.

Na sababu ya kweli, naona, haikuwa ile iliyoandikwa. Kila mmoja katika wakuu wale alikuwa na Wagalla yake, ama iliyokwisha kuwa ama aliyoiogopa kuwa. Asemaye leo juu ya jirani ataulizwa kesho juu ya nyumba yake. Basi wakapeana sitara, mimi nikusitiri nawe unisitiri, wakaiita sitara hiyo heshima. Sitara ya aibu ya mtu ni jambo jema katika dini yetu. Ama sitara ya dhulma ni kushiriki katika dhulma.

Ndugu zangu, wanavyuoni wetu wametufundisha kuwa ziko faradhi za kila mtu nafsi yake, na ziko faradhi za kutosheleza. Hizi za pili, baadhi ya watu wakizitekeleza wengine wameokoka. Na wote wakiziacha, hupata dhambi kila aliyeweza. Maiti akikutwa njiani, si lazima mji mzima umzike. Lakini akiachwa akaoza, mji mzima una dhambi. Kumnusuru mwenye kudhulumiwa ni katika faradhi za namna hii, na hapa ndipo penye mtego. Jambo lililo wajibu wa wote huwa ni rahisi kuachwa na wote, kwa kuwa kila mmoja humtazama mwenzake. Kenya husema, iko Afrika. Afrika husema, uko Umoja wa Mataifa. Umoja wa Mataifa husema, ziko jumuiya za kanda. Na maiti yuko njiani.

Kwa hivyo jawabu la suala la mzee ni hili: naam, jirani ana dhambi, kwa kadiri ya uwezo wake. Mwenye mkono hukadiriwa kwa mkono, mwenye ulimi kwa ulimi, na asiye na uwezo ila wa kuchukia moyoni, huo ndio upeo wake. Lakini mkuu wa dola hawezi kusema kuwa hana ila moyo.

Yuko atakayeuliza: "Basi jirani afanyeje, ili asiwe mnyamavu wala asiwe mnyang'anyi?" Mfano tunao, na ni wa kabla ya Utume. Mtu wa Zabid, katika Yemen, aliingia Makka na bidhaa, akamuuzia Al-As bin Wail, mkubwa katika Makureshi, naye akachukua mali akakataa kulipa. Mgeni yule hakuwa na ukoo pale wa kumtetea. Akapanda jabali la Abu Qubays akalia kwa sauti, na Makureshi wamekaa penye Al-Kaaba. Baadhi ya koo zikakutana katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, wakaapa kuwa mkono mmoja pamoja na mwenye kudhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka apewe haki yake. Mtume wetu (S.A.W.) alihudhuria kiapo kile naye ni kijana, na hata baada ya Uislamu alikisifu na kusema kuwa lau angeitwa tena kwa mfano wake angeitika.

Tazameni mambo matatu katika kisa hiki. La kwanza, aliyelia hakuwa wa kabila lao, na aliyedhulumu alikuwa wa kabila lao. La pili, hawakuishia kuapa. Waliondoka wakaenda mpaka mlangoni kwa Al-As. La tatu, mali waliyoitoa kwake walimrudishia mwenyewe, hawakuigawana. Hilo la tatu ndilo jawabu la wanaochelea kuingiliwa. Anayekuja kunusuru, tumtazame anaondoka na nini. Akiondoka mikono mitupu, huyo ni mnusuru. Akiondoka na kipande cha ardhi, huyo ni mwizi wa pili.

Afrika ya leo imekwisha kuapa mara nyingi. Katika hati ya Umoja wa Afrika ya mwaka 2000, dola zenyewe zilikubali kuwa Umoja una haki ya kuingia katika nchi mwanachama yakitendeka mauaji ya kimbari, au jinai za kivita, au jinai dhidi ya binadamu. Ikaundwa Mahakama ya Afrika, ikakaa Arusha, na mwaka 2017 ikawapa haki Waogiek wa msitu wa Mau juu ya Serikali ya Kenya. Hayo ni maendeleo, na hatuyakanushi. Lakini mlangoni bado hawaendi. Mwaka 2019 Tanzania, mwenyeji wa Mahakama hiyo, iliiondoa ruhusa iliyokuwa imewapa watu binafsi na jumuiya kupeleka mashtaka yao huko moja kwa moja. Na Rwanda ilikuwa imekwisha kutangulia mwaka 2016. Na yalipopelekwa katika Mahakama ya Afrika Mashariki mashtaka juu ya mateso ya watu wa Mlima Elgon katika operesheni ya mwaka 2008, mahakama ya rufaa ilisema mwaka 2012 kuwa yamechelewa, kwa kuwa mkataba umeweka muda wa miezi miwili. Miezi miwili! Mjane wa Kiislamu eda yake ni miezi minne na siku kumi. Mashtaka yatakiwa yafike Arusha naye bado yumo edani.

Tumesema ya wakubwa. Sasa tuseme yetu, maana kalamu inayoandika makosa ya wengine tu ni kalamu ya chongo.

Tarehe 26 Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni kwa niaba ya Serikali kwa maovu yaliyopita, na Wagalla ikatajwa. Wazee wetu walikuwa wamelingoja neno hilo miaka 31. Siku saba baadaye, tarehe 2 Aprili, watu wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu hapa Garissa wakaua watu 148. Waliwapambanua wanafunzi kwa dini zao, na Wakristo, wageni wetu, watoto wa watu waliotuamini, wakauawa mjini mwetu.

Ndugu yangu, tafakari neno hili, kupambanua. Wagalla walipambanuliwa kwa ukoo: Degodia huku, wengine kule. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walipambanuliwa kwa kadi maalumu, wathibitishe uraia ambao wenzao hawakuulizwa. Mwaka 2014 Nairobi walikamatwa kwa maelfu, wengi wakatiwa katika uwanja wa Kasarani. Aliyewapambanua wanafunzi wa Garissa kwa shahada alifanya kazi ile ile kwa kipimo kingine. Kosa la mtu halirithiwi na ukoo wake, wala dini ya mtu si jinai. Basi sisi tuliolia mwaka 1984 kuwa hatukupata shahidi, je, tulitoa ushahidi mwaka 2015 kwa sauti ile ile? Wako waliotoa, na wako walionong'ona, na wako waliosema, "Serikali nayo ilitufanya hivi na hivi." Huyo wa mwisho amezungumza lugha ya dhalimu wake.

Na tusiende mbali. Ng'ambo na kando ya mto wetu wa Tana wako Wamunyoyaya na Wamalakote. Huko Ijara hata Lamu wako Waboni. Ni watu wachache, hawana koo kubwa za kuhesabiwa kura. Yanapoamuliwa mambo ya malisho, na maji, na viti, ni nani awauliza? Sisi tulio wachache katika Kenya tu wengi hapa, na wingi ni mtihani kama uchache.

Lakini sitaki kukuacheni na huzuni tupu, kwa sababu walikuwepo waliokwenda mlangoni. Wajir mwaka 1984 alikuwepo Annalena Tonelli, mwanamke Mtaliana na Mkristo, aliyekuwa akitibu wenye kifua kikuu. Aliwafuata majeruhi wa Wagalla, akasaidia kuzika maiti, na khabari zikatoka kwa juhudi zake na za waliomsaidia. Baadaye akalazimika kuondoka Kenya, na mwaka 2003 aliuawa Borama. Hakuwa wa ukoo wetu wala wa dini yetu. Na tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, basi la Mandera lilisimamishwa na wenye silaha, wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wanawake wakawapa wenzao wa Kikristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah alikuwa miongoni mwa waliokataa, akapigwa risasi, na mwezi uliofuata akafa kwa jeraha lake.

Wale abiria hawakuwa na mkataba, wala mahakama, wala jeshi. Walikuwa na jambo moja ambalo wakuu wa Nairobi mwaka 1981 hawakuwa nalo: walikubali kuwa msiba wa jirani ni wao pia, na hatari yake waibebe pamoja.

Basi nausia mambo matatu. Tuyaandike majina ya waliokufa na shahada za walio hai, ukoo kwa ukoo, kabla wazee hawajamalizika. Maana penye majina mtu hawezi kusema 57 akaachwa. Pili, dhulma ikitokea, twende pamoja, misikiti na makanisa na koo zote, maana mmoja mlangoni hufukuzwa. Na la tatu, ambalo ndilo zito: tuanze na kilio cha asiyekuwa wetu. Aliaye kwa ajili ya nduguye huenda analia kwa damu yake tu. Anayemlilia asiyekuwa wake, huyo ndiye analilia haki.

Mzee wetu nilimrudia wiki ya pili, nikamsomea haya. Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Na wewe Sheikh, siku ile ya Chuo Kikuu, ulikuwa wapi?" Nikamwambia kweli: nilikuwa nyumbani, nimefunga mlango, nasikia risasi, na Ijumaa iliyofuata katika khutba yangu nilisema machache, tena kwa kupitia mbali. Akaniambia, "Basi liandike na hilo."

Nami nimeliandika. Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyanyamazia, na atupe miguu ya kwenda mlangoni. Wabillahi tawfiq.